Jemadari Asiyekuwako

Katika likizo ya mwezi wa Juni alitujia mpwa wetu kutoka Mtwara, anakosoma shule ya sekondari, akakaa nasi hapa Nanganga muda wa majuma matatu. Wasomaji wetu wa pande za Masasi, Newala na Lindi wanaijua desturi ya kwetu, kwamba mtoto wa dada ni mtoto wa mjomba wake, na akiharibika, mjomba huulizwa kabla ya baba. Kwa hiyo tulimpokea kwa furaha na kwa hadhari pia, maana kijana wa miaka 17 atokaye mjini haji na mfuko wa nguo peke yake.

Usiku wa nne, tulipotoka msikitini baada ya sala ya Isha, tulisikia vicheko barazani kwetu. Tukawakuta vijana wanne wameuinamia mkeka chini ya taa. Juu ya mkeka wamepanga vinyago vya askari, kila kimoja hakipiti urefu wa kidole. Wameweka mawe yawe milima, na vifuu vya nazi viwe ngome. Hayo yangalituchekesha tu, lau tusingaliona dadu mbili mkononi mwa mmoja wao akizitikisa. Kuona dadu tukaona kamari. Hatukuuliza neno. Tulikusanya kila kitu, vinyago na dadu na vifuu, tukavitia kikapuni, tukawaambia wale watatu warudi kwao, na kikapu tukakipeleka jikoni karibu na mafiga, kwa nia ya kuwashia moto wa uji asubuhi.

Twaeleza haya bila kujisifu. Mtu mzima akikasirika huona kila alifanyalo ni malezi.

Aliyevinusuru vinyago vile ni mama watoto. Alfajiri alikuja na kimoja mkononi, akasema, "Kitazame kwanza, ndipo ukichome." Tukakitazama. Kilikuwa kimechongwa kwa mti laini, na mchongaji alikuwa ametoa vidole, vifungo vya koti, hata mkunjo wa uso wa mtu asiyelala vizuri. Sisi tu majirani wa uwanda wa Makonde, na kazi ya mkono twaijua tuionapo. Tukamwita kijana.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nani kakichonga hiki?"

"Mimi, mjomba."

"Na huyu ni nani?"

Ndipo akatueleza, kwanza kwa woga, kisha kwa hamu iliyomsahaulisha woga. Alisema ni mchezo wa vita wa Kiingereza uitwao Warhammer 40,000, uliotolewa mara ya kwanza mwaka wa 1987 na kampuni ya Games Workshop, ambayo makao yake yako katika mji wa Nottingham. Ile elfu 40 ni miaka: mambo yake yamebuniwa kuwa yatokea mbali sana mbele yetu, wakati wanadamu wametapakaa katika nyota na vita haviishi. Kila askari ana thamani yake ya alama. Wachezaji hukubaliana jumla ya alama kabla ya kuanza, kisha kila mmoja hujipangia jeshi lisilozidi jumla ile, na dadu ndizo huamua kama risasi imepata au imekosa. Hakuna fedha inayowekwa. Vinyago vya plastiki vitokavyo Uingereza ni ghali, havinunuliki kwa nauli ya mwanafunzi, basi yeye na wenzake huchonga vyao.

Tukamwuliza watu hao wa miaka elfu 40 dini yao ni ipi. Akasitasita. Akasema wanamwabudu Mfalme wao, aliyeketi juu ya kiti cha dhahabu kwa muda wa miaka elfu 10, si mzima wala si maiti. Hapo tukasema basi, yatosha, kikapu kirudi jikoni. Naye akajibu kwa adabu, macho yake chini, "Lakini mjomba, katika hadithi yenyewe Mfalme yule aliwakataza wasimwabudu. Walimfanya mungu baada ya yeye kunyamaza." Hatukuwa na jawabu la haraka, kwa kuwa jambo la watu kumgeuza mungu yule aliyewakataza si geni kwa asomaye habari za umma zilizopita. Tulipatana kwamba dadu ziondoke, maana masheikh wametuonya juu yake wala hatukutaka kutafuta rukhsa, na badala yake wakate vikaratasi vyenye namba, waviokote ndani ya kofia. Vinyago vikabaki.

Kile kinyago chenye mkunjo wa uso kilikuwa cha jemadari mmoja aitwaye Ciaphas Cain. Mtu huyu hakuzaliwa, wala hatazaliwa. Ni wa kubuni tupu, ametungwa na mwandishi wa Kiingereza, Alex Stewart, anayeandika kwa jina la Sandy Mitchell, na riwaya ya kwanza juu yake ilitoka mwaka wa 2003. Cheo chake ni kamisaa, yaani afisa awekwaye pamoja na vikosi ili awatie askari moyo na awaadhibu wakimbiao. Katika dola ile yote jina lake latajwa kama twavyotaja sisi majina ya mashujaa, picha zake zimebandikwa kutani, na watoto wafundishwa habari zake. Lakini yeye mwenyewe ameandika daftari la siri, na ndani yake akiri kwamba tangu ujana hakutaka lolote ila kuokoa ngozi yake. Kila alipotafuta mahali pa kujificha, mahali pale ndipo adui alipotokea. Akapigana kwa sababu hapakuwa na mlango mwingine, akashinda, akasifiwa. Ana mtumishi wake, Jurgen, mtu mchafu anayenuka, hakuna apendaye kukaa karibu naye, na mara nyingi ndiye amwokoaye bwana wake katika mauti. Jurgen hapati picha kutani. Wasomaji wa riwaya hizo, akasema kijana wetu, mpaka leo wabishana kama Cain ni mwoga kweli, au ni shujaa asiyeweza kuamini wema wake mwenyewe.

Twakiri kuwa tulivutwa. Kwa muda wa siku mbili tukawa twamwuliza maswali njiani kwenda shamba, hata akaanza kutucheka kwa siri.

Wako wasomaji watakaosema, mtu wa makamo, mwenye ndevu nyeupe, ana haja gani na jemadari wa uwongo? Sisi nasi tulijiuliza. Lakini tulipojiuliza tulimkumbuka mwalimu wetu wa chuoni, Mungu amrehemu, aliyekuja pande hizi kutoka Kilwa, ambaye usiku wa Ramadhani alitukalisha kumzunguka akatuhadithia maghazi. Alituhadithia vita vya Ras-l-Ghuli, farasi wakizama katika damu, na alitughania kwa kichwa habari za Herekali mfalme wa Rumi na majeshi yasiyohesabika. Sisi watoto tulipanga magunzi ya mahindi uwanjani, haya majeshi ya Waislamu, haya ya Rumi, tukapigana mpaka mama zetu wakatuita. Hakuna aliyetuambia kwamba tunacheza uwongo.

Tulipokuwa watu wazima ndipo tuliposoma kwamba Chuo cha Herekali, au Utendi wa Tambuka, kilitungwa Pate na Mwengo wa Athumani mwaka wa 1728. Tena tukasoma katika sira kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitoka kwenda Tabuk mwaka wa 9 wa Hijra, nao ni mwaka wa 630, katika joto kali na uhaba wa chakula, akakaa huko siku kadhaa, akafanya mapatano na watu wa pande zile, akarudi Madina. Vita havikupiganwa. Herekali alikuwako duniani, alikuwa mfalme wa Rumi kweli, lakini hakuja Tabuk, wala jeshi lake halikuonekana. Vita vile vyote tulivyovipigana kwa magunzi vilitoka katika kalamu ya mshairi wa Pate, na kabla yake katika ndimi za wasimulizi wa Kiarabu. Basi sisi ni nani wa kumchomea mtoto jemadari wake?

Siku moja, tumekaa chini ya mkorosho tukingoja jua lipungue, kijana akatuuliza swali ambalo ndilo lililotufanya tuandike makala hii.

"Mjomba, hapa kwetu havikupita vita?"

Alituuliza kama mtu aulizaye kama mvua ilinyesha jana. Nasi tukaona aibu. Mtoto huyu ajua majina ya vikosi vya sayari zisizokuwako, na kikosi gani kilishindwa wapi, tena kwa sababu gani. Naye alipokuwa akija kwetu basi lake lilipita Nyangao, karibu na Mahiwa, akiwa amelala kichwa dirishani. Hakosi lake. Hatujapata kumwambia.

Tukamwambia. Katikati ya mwezi wa Oktoba 1917, kwa muda wa siku nne hivi, katika bonde hili la Lukuledi, huko Mahiwa na Nyangao, jeshi la Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck lilipigana na jeshi la Waingereza lililokuwa likipanda kutoka Lindi. Vita hivyo huhesabiwa miongoni mwa vilivyokuwa vikali kuliko vyote vya vita ya kwanza ya dunia katika Afrika ya Mashariki. Jemadari wa Waingereza siku zile, Beves, aliwapeleka watu wake mbele tena na tena dhidi ya handaki zilizokwisha kuchimbwa, zenye bunduki za mtombo. Hesabu ziandikwazo zasema kati ya askari karibu 5,000 wa upande wa Waingereza walipotea zaidi ya 2,000, ama kwa kufa, ama kwa kujeruhiwa, ama kwa kutekwa; na wa upande wa Wajerumani, waliokuwa yapata 1,500, walipotea karibu 500.

Tukamwambia na hili, ambalo wengi hawalijui: miongoni mwa vikosi vya Waingereza ilikuwako Brigedi ya Naijeria, na ndani yake Wahausa wengi, Waislamu wasali. Na katika askari wa Mjerumani pia Waislamu walikuwa wengi, Wasudani na Wamanyema na watu wa pwani. Bila shaka usiku ule, katikati ya milio ya bunduki, pande zote mbili walikuwako waliokuwa wakielekea kibla kimoja.

"Nani alishinda?" akauliza.

Swali la mchezaji. Tukamjibu kwamba Wajerumani waliushika uwanja, na jemadari wao akapandishwa cheo akawa meja jenerali. Lakini risasi zao zilikuwa zimekwisha sana, na watu wao hawakuwa na wa kuwajaza nafasi. Wakarudi nyuma kupitia bonde hili hili, Nanganga na Ndanda, wakapanda Chiwata na uwanda wa Makonde, wakiacha nyuma yao wagonjwa na majeruhi wasioweza kutembea. Tarehe 25 Novemba 1917 Lettow-Vorbeck alivuka mto Ruvuma pale Ngomano na waliosalia, akaingia nchi ya Wareno.

Sasa mpwa wetu alikuwa ameacha kuchonga. Tukaona ndio wakati wa kumpa ile habari ambayo hata mtunzi wa merikebu za nyota angaliionea wivu. Katika mwezi ule ule wa Novemba 1917 ilikuwako merikebu ya hewani iliyokuwa njiani kuja huku kwetu. Ilikuwa zepelini, namba yake L 59, mfano wa puto refu lenye mifupa ya chuma chepesi, urefu wake zaidi ya mita 220, imejazwa hewa ya haidrojeni. Iliondoka Jamboli katika Bulgaria tarehe 21 Novemba, chini ya nahodha Bockholt, imebeba tani 15 hivi za risasi, dawa na vifaa. Ilikusudiwa kutua katika nchi hii ya Makonde, isirudi tena kwao. Ngozi yake ingekatwa iwe mahema, mifupa yake ijengwe mnara wa simu ya upepo, na vitambaa vya ndani viwe bendeji. Ilivuka Bahari ya Kati, ikavuka jangwa la Misri, ikafika Sudani upande wa magharibi wa Khartoum. Pale, usiku wa kuamkia tarehe 23, ikapokea habari kwa simu ya upepo: Newala imekwisha kuchukuliwa, uwanda wa Makonde u mikononi mwa Waingereza, rudi. Ikageuka. Ilitua Jamboli tarehe 25 Novemba, siku ile ile jemadari alipokuwa akivuka Ruvuma, baada ya kukaa angani saa 95 bila kutua na kwenda zaidi ya kilomita 6,700.

Kijana alitazama juu kupitia majani ya mkorosho, kana kwamba huenda ipo bado. "Newala hii hii?" akasema. Tukamwambia Newala hii hii, tuendako kununua korosho.

Kisha akataka kujua mwisho wa yule jemadari. Twafikiri alitaraji afe vitani. Tukamweleza kwamba alizunguka katika nchi ya Wareno kwa muda wa miezi kumi, akarudi upande wetu, akaingia Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, akakabidhi silaha pale Abercorn, mji uitwao sasa Mbala, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Mwezi wa Machi 1919 aliingia Berlin juu ya farasi, watu wakamshangilia kuwa ni jemadari asiyeshindwa. Mwaka wa 1920 alijiingiza katika uasi wa maafisa waliotaka kuipindua serikali ya nchi yake, akapoteza kazi yake ya jeshi. Na katika mwaka huo huo wa 1920 alitoa vitabu viwili. Kimoja alikiandika kwa ajili ya vijana wa Kijerumani, akakiita Heia Safari, na hilo neno la pili, wasomaji, ni letu, limechukuliwa midomoni mwa waliombebea.

Hapo ndipo mpwa wetu aliposema neno lililotushangaza. Alisema, "Basi huyu ni kinyume cha Cain. Cain asifiwa na watu, na kwa siri asema sistahili. Huyu aliandika mwenyewe, akawapa vijana wasome."

Tusimdhulumu mtu. Lettow-Vorbeck alikuwa hodari katika kazi yake, na maadui zake wenyewe walikiri hivyo. Alikaa duniani mpaka mwaka wa 1964, na mwaka aliofariki ndio mwaka Bunge la Ujerumani ya Magharibi lilipopitisha kwamba askari wake wazee waliosalia huku walipwe mishahara yao ya vita. Malipo hayo yalikuwa ya askari. Lakini sisi tunaosoma hadithi ya Mtume juu ya yule aliyepigana ili aitwe shujaa, akaitwa, na ijira yake ikawa imekwisha duniani, hatuwezi kuupita upesi ule mlango wa Berlin na farasi wake. Twamkumbuka Khalid bin Walid. Sayyidna Umar alipomwondoa katika ukuu wa majeshi ya Sham, moja ya sababu wazitajazo wanahistoria ni kuchelea watu wasije wakadhani ushindi watoka kwa Khalid. Naye Khalid akaendelea kupigana chini ya Abu Ubayda, akafia kitandani.

Na waliobeba? Jeshi lile halikuwa na reli huku kusini, na ndorobo waliua farasi na punda. Kila sanduku la risasi, kila gunia la mtama, kila kipande cha mzinga kilikwenda juu ya mwili wa mtu. Upande wa Waingereza pekee, wapagazi waliokufa wakadiriwa kuwa zaidi ya 90,000, wengi kwa kuhara damu, homa na vichomi. Upande wa Wajerumani hakuna daftari la kuaminika. Wanunuzi waendao soko la Kariakoo pale Dar es Salaam walitaja jeshi hilo la wapagazi kila siku bila kujua, maana jina lile ni matamshi yetu ya neno la Kiingereza la kikosi hicho, ambacho watu wake walilazwa mahali pale. Na ile sanamu ya askari katikati ya mji, iliyozinduliwa mwaka wa 1927, imeandikwa chini yake kwa Kiingereza na Kiswahili maneno ya kuwakumbuka hata wapagazi. Lakini aliyesimama juu ni mwenye bunduki.

"Babu alikuwa upande gani?" kijana akauliza.

Alikuwa amesikia kutoka kwa mama yake kwamba babu yetu mzaa mama aliiona vita ile. Sisi tulimwahi babu. Tulikaa naye mpaka tulipokuwa na miaka 12, tulimletea maji ya udhu, tulilala katika mkeka wake. Wala hatukumwuliza. Tulikuwa tukipiga magunzi ya Herekali uwanjani, na yeye amekaa barazani akitutazama.

Basi tukaondoka siku ya pili, sisi na kijana, kwenda Ndanda kwa mama mkubwa, aliyesalia peke yake katika watoto wa babu, naye umri wake wakaribia miaka 90. Macho yamefifia, ulimi haujafifia. Tulipomweleza haja yetu alicheka kwanza, akasema, "Mmekuja leo?" Kisha akanyamaza muda mrefu, na sisi tukanyamaza.

Akasema babu hakupata kuiita vita ya Mjerumani. Aliuita mwaka wa mizigo. Alichukuliwa shambani na watu wa Mjerumani, yeye na kaka yake, bado vijana, wakabebeshwa masanduku. Wakati wa kurudi nyuma kuelekea Chiwata, kaka yake alikuwa anaharisha damu. Akaanguka njiani. Mstari haukusimama. Babu aliondolewa sanduku lake, akapewa la kaka yake, kwa kuwa lile lilikuwa la risasi na la kwake lilikuwa la vyombo tu. Alipogeuka nyuma akapigwa. Siku chache baadaye Waingereza wakawakuta wale walioachwa, na babu akabebeshwa mizigo ya Waingereza mpaka vita vikaisha. "Alichukua mizigo ya wote," akasema mama mkubwa. "Mtauliza upande gani?"

Tulikumbuka ghafla jambo tulilokuwa tukiliona kila siku bila kuliona. Babu hakuweka kitu kichwani. Kuni alibeba begani, maji alibeba mkononi, hata mfuko mwepesi wa mihogo mikavu hakuuweka kichwani, na bibi alimtania kwa hilo mbele za wageni, naye hakujibu. Tulidhani ni madaha ya kiume.

Mama mkubwa akatutajia jina la yule kaka. Hatukupata kulisikia kabla ya siku ile. Halikuwamo katika majina tuyasomayo tunapowaombea wazee wetu, kwa sababu babu hakujua kama alikufa palepale au aliokotwa, na kwa kutojua hakufanya matanga, na kwa kutofanya matanga jina likakaa kifuani mwake na kwa binti mmoja tu.

Tuliporudi, Alhamisi iliyofuata, tuliwaita majirani kwa khitima. Walikuja watu wapata 30. Wengine waliuliza nani amefariki, tukawaambia ni babu yetu mdogo, wakauliza lini, tukawaambia mwaka wa 1917. Mzee mmoja alisimama kwanza, akafikiri, kisha akakaa akashika juzuu yake. Mpwa wetu alisoma Yasini kwa sauti nzuri kuliko tulivyotaraji. Wenzake watatu wa mchezo walikuwako pia, mmoja akigawa chai.

Siku mbili kabla ya kurudi shule tulimkuta barazani anachonga. Amemchonga mtu asiye na bunduki, ameinama, na sanduku limekaa juu ya kichwa chake. Tulitaka kumwambia alishushe begani, tukajizuia. Huyu si babu, huyu ni kaka yake. Alikiweka mkekani pamoja na vingine, baina ya Cain na Jurgen, akaitoa karatasi yake ya hesabu ya alama, akatuuliza mpagazi amwandikie ngapi.

Tulimwambia atuachie tufikiri. Ameondoka, na karatasi iko hapa mezani.